Sumaku Usiyoiona



Huku kwetu Geita dhahabu nyingi iko kwenye miamba ya chuma yenye magnetaiti. Hapo dira inadanganya. Kwenye miamba ya namna hiyo wapimaji hutumia jairoskopu ya nyuzi za mwanga: miale miwili huzunguka koili kwa pande zinazopingana, chombo kikigeuka, mmoja huchelewa. Ila hata yenyewe, sumaku ya nje huusokota mwanga kidogo, jambo aliloligundua Faraday mwaka 1845. Kipimo kinahama polepole, na chombo hakijageuka. Dawa yake ni ganda la aloi ya nikeli na chuma, na kukisahihisha mara kwa mara.

Nasi ndivyo tunavyohama. Rafiki yangu wa kwaya hapa Nkome hakuikana imani. Alikosa Misa Dominika moja kwa ajili ya dagaa, nyingine kwa ajili ya duara. Leo hatumwoni kigangoni. Waebrania 2:1 inatuonya juu ya kuchukuliwa hivyo, taratibu.

Ganda letu ni sala na Ekaristi. Kusahihishwa ni Kitubio. Jumamosi naenda kuungama, na nitampitia kwake njiani. Wewe utampitia nani?