Kodi ya Nyumba na Ujira wa Kibarua

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na Sahaba zake.

Amma baad. Ndugu Waislamu, zamani hapa Mombasa nyumba ya Majengo ilikuwa na vyumba sita, vitatu kwa vitatu, na ukumbi katikati, na uwa nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, na vingine akavipangisha: hiki kwa kuli wa Kilindini, hiki kwa seremala, hiki kwa karani. Walipika katika uwa mmoja, na mwenye nyumba alijua ni nani aliyelala na njaa. Hatusemi kwamba walikuwa malaika. Mwaka 1939 wafanyakazi wa mji huu waligoma, na gharama ya nyumba ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Mwaka 1947 wakagoma tena. Lakini baina ya tajiri na fukara palikuwa na ngazi, na mtu aliweza kuipanda kidato kwa kidato, kutoka ukuli hata unyapara, kutoka kupanga chumba hata kujenga nyumba yake, ijapokuwa juu ya kiwanja cha mwengine.

Leo vidato vya kati vimeng'oka. Kazi ya genge zima la wabeba magunia yafanywa na mtu mmoja aliyeketi juu ya kreni. Reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017, na baadaye mizigo ya bara ikaamriwa kupanda treni, madereva na wasaidizi wao, wenye mabohari, na kina mama wauzao chakula njiani wakapungukiwa na riziki. Septemba 2022 serikali ikaamuru utoaji wa mizigo urudi Mombasa, lakini aliyekwisha kuuza lori lake hakurudishiwa. Kazi nzuri ni za wachache wenye elimu. Walio wengi ni vibarua wa siku.

Na nyumba zimefuata njia iyo hiyo. Ya Majengo yauzwa, yavunjwa, yasimamishwa ghorofa. Mpangaji huhamia Kisauni au Mtwapa, na kila asubuhi hutoa nauli ya matatu kabla hajajua kama siku hiyo ataitwa kazini.

Watu husema, "Ndilo soko, sisi tufanyeje?" Soko halikuandika barua ya kumwondoa mpangaji. Aliyeitia saini ni mtu, na huenda ni yule tunayeswali naye safu ya mbele.

Muhajirina walifika Madina hawana nyumba wala kazi, na Mtume (s.a.w.) akawafunga udugu na Ansari. Saad bin Rabii akataka kumgawia Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko tu. Sisi twapenda sana kumtaja Abdurrahman tunapomlaumu kijana asiye na kazi kuwa ni mvivu. Saad hatumtaji! Na soko aliloonyeshwa Abdurrahman lilikuwa na nafasi ya mtu mgeni asiye na kitu. Je, letu linayo?

Katika Suratul-Hashr, aya ya 7, mna amri ya kuwagawia mayatima na maskini, na sababu yake imetajwa papo hapo: mali isiwe ikizunguka baina ya matajiri peke yao. Na imepokewa katika Bukhari kwamba aliyemwajiri mtu, akaifaidi kazi yake yote kisha asimpe ujira, mgomvi wake Siku ya Kiyama ni Mwenyezi Mungu mwenyewe. Basi yule amwambiaye kibarua "njoo Jumatatu", na Jumatatu akafunga mlango, amechagua mgomvi gani?

Mwenye nyumba atasema naye anadaiwa na benki. Ni kweli, na deni lenyewe aghlabu ni la riba, ambayo ni khabari nyingine. Lakini kumpa mpangaji miezi ya kutafuta pengine hakumfilisi mtu. Na aliyejaaliwa nyumba tatu aweza kuweka moja wakfu, kodi yake isipite nguvu ya kibarua.

Ijumaa hii baada ya Magharibi tutasoma mlango wa ijara. Wenye nyumba na waajiri waje na hoja zao, na vibarua waje na zao.