Juu ya Mzaha na Maneno ya Kando Barazani



Wainjilisti wawili wa upande wa Ngara wametuletea swali moja, kila mmoja kwa barua yake, wala hawakupatana kwanza. Wauliza hivi: wazee wa kanisa wakikaa barazani, mmoja akaanza mzaha, wa pili akamjibu, wa tatu akaleta habari ya mbuzi wake aliyepotea, hata neno lililowaita likasahauliwa, je, mwenyekiti awanyamazishe? Mmoja wao aongeza kuuliza kama mzaha wenyewe si dhambi, kwa kuwa Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso katika sura ya 5, ayahesabu maneno ya upuzi na masihara kuwa mambo yasiyowapasa watakatifu.

Zamani tungalijibu upesi. Tulipotoka chuoni tukapewa usharika upande wa Biharamulo, tuliona jambo hilo kuwa ugonjwa, tukajitwika kazi ya kuuponya. Baraza lilikaa chini ya mparachichi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kikao cha kuhesabu fedha za mabati kilianza saa tatu asubuhi, na saa saba mabati yalikuwa hayajatajwa bado. Kwanza habari za mvua. Kisha maharage yaliyoliwa na wadudu. Kisha mzee mmoja, Mhangaza, humgeukia mwenziwe Msukuma na kumwuliza kama ng'ombe wake wamekwisha batizwa, maana wamezoea kuingia mashambani mwa Wakristo bila kupiga hodi. Msukuma hujibu kwamba ng'ombe wake ni wanyama wa heshima; huingia kuwapa pole migomba, kwa kuwa mwenyewe haipalilii. Watu hucheka hata machozi. Sisi tulitazama saa.

Basi tukafanya sheria. Tuliandika maneno ya kikao katika daftari, na mtu aliyetoka nje ya neno tulimgongea meza kwa kalamu. Mara tatu nne tu, wakaelewa. Tangu siku hiyo baraza lilikwisha kwa muda wa saa moja, na mabati yakanunuliwa. Twakiri ya kuwa tulijisifu.

Mwaka wa pili tulisikia mambo mawili. La kwanza ni kwamba wale wazee wawili walikuwa wameshitakiana mbele ya hakimu kwa ajili ya ng'ombe wale wale na migomba ile ile, na watoto wao hawaamkiani njiani. Kumbe mzaha wao ulikuwa ndio baraza lao. Kila mwezi mmoja alimwambia mwenziwe kosa lake mbele ya mashahidi, na mwenziwe akasikia, akaenda akawazuia ng'ombe wake juma moja au mawili, wala hapakuwa na aliyeaibika. Sisi tulipouondoa mzaha hatukuwaondoa ng'ombe.

La pili latuuma hata leo. Mama mmoja mjane alikuja barazani siku ya neno la mabati, akasimama, akaanza kueleza habari za paa la jiko lake lililoanguka. Tuligonga meza. Tulimwambia kwa upole, "Mama, neno lako si la leo." Akaketi. Hakurudi tena. Baadaye tuliambiwa kwamba shemeji zake walikuwa wakimfukuza katika shamba la marehemu mumewe, na ya kuwa paa lile halikuanguka lenyewe, bali lilibomolewa kwa mikono ya watu. Alikuwa ameanzia jikoni, kama watu wa adabu waanzavyo huku kwetu. Maana mtu haitoi aibu ya nyumba yake mbele ya watu kama atoavyo sadaka, huizunguka kwanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi na kuishika. Ingalimsaidia, kama tungalimsikia. Tulipokwenda kumtafuta alikuwa amekwisha rudi kwao upande wa Kibondo, na shamba limepata mwenyewe mwingine.

Tangu hapo twaisoma kwa macho mengine Injili ya Luka, sura ya 12. Bwana alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake wasiwaogope wanadamu, na makutano yalikuwa mengi hata watu wakakanyagana. Mtu mmoja katikati yao akapaza sauti, akitaka ndugu yake amgawie urithi. Ni nani aliyepata kutoka nje ya neno kuliko huyo? Bwana alikataa kuwa mgawanyaji wa mali yao. Lakini hakumwambia kwamba neno lake si la siku hiyo. Aliyageuza mafundisho yakaelekea pale pale alipokatizwa, na kwa sababu ya mtu huyo asiye na adabu ya baraza tumepata mfano wa tajiri na ghala zake. Hata baba yetu Martin Luther, nyumbani mwake Wittenberg, alikula pamoja na wanafunzi na wageni, nao wakayaandika aliyoyanena mezani: mambo ya imani, na magonjwa, na mbwa wake, na mzaha kwa mkewe Katharina, yote yamechanganyika. Johannes Aurifaber aliyapiga chapa mwaka 1566, miaka 20 baada ya kufa kwake Luther, na maneno hayo yasomwa hata sasa. Kama kalamu yetu ingalikuwako mezani pale, kitabu kingalikuwa chembamba.

Lakini Mtume Paulo hatuwezi kumpita kando. Wala Mithali, sura ya 26, inayomfananisha mtu amdanganyaye mwenziwe kisha akasema alikuwa akicheza tu, na mwenda wazimu arushaye moto na mishale. Basi mzaha wa namna gani ni moto?

Tutazame utani, ambao Watanzania wote waujua. Wengi waeleza kwamba ulienea kwa safari za biashara za karne ya 19, Wanyamwezi walipopita katika nchi za watu mpaka pwani wakihitaji maji na mahali pa kulala, na kwa vita vilivyokwisha, kama vile vya Wangoni na watu waliopigana nao. Mwaka 1940 mtaalamu Mwingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika juu ya desturi za namna hii, akaeleza ya kuwa mmoja ameruhusiwa kumchokoza mwingine, naye mwingine amekatazwa kukasirika. Ameona vema, lakini wazee wangaliongeza maneno mawili. La kwanza ni zamu: leo wewe umenicheka, kesho ni mimi. La pili ni deni. Mtani ndiye awezaye kulizuia jeneza mpaka apewe kitu, na kuuiga mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa hata wakacheka katika kilio chao. Lakini yeye ndiye pia ashikaye jembe la kaburi. Mtu akitaka kucheka bila kushika jembe, huyo si mtani.

Katika baraza lile lile alikuwako, na yuko hata leo, mtu ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka 1972. Yeye amezaliwa huku, amebatizwa huku, alama za kazi yake ziko katika kila tofali la kanisa. Watu walimwita "Mkimbizi". Akichelewa husema, "Mkimbizi amekimbilia wapi leo?" Naye alicheka pamoja nao, na sisi, tulipokwisha kuiweka kalamu mfukoni na kuurudisha mzaha barazani, tulilihesabu hilo kuwa utani mwema. Siku moja tukitembea naye njiani tulimwuliza kwa nini hawajibu kamwe, naye ni mwenye maneno. Akasema, "Baba Mchungaji, nikiwajibu wataniuliza karatasi."

Hatukuwa na la kumwambia. Ikiwa mtu acheka kwa sababu anaogopa kutocheka, hakuna zamu hapo. Wenziwe wangeweza kusema kwamba hawakumkusudia ubaya, na twaamini hawakumkusudia. Lakini neno hilo, kwa Msukuma au Mhangaza, ni sawa na kumtupia mtu jani, na kwake yeye ni jiwe.

Sisi tuliokuwa watoto wa shule Ngara mwaka 1994 hatuhitaji kufundishwa mbali. Tarehe 28 na 29 Aprili watu yapata laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja na usiku wake, na kambi ya Benaco ikawa mji. Miongoni mwao walikuwamo wasio na kosa, na wenye damu mikononi pia. Na chini ya daraja mto Kagera ulichukua maiti za waliouawa mpaka Ziwa Viktoria. Wengi huikumbuka redio ya RTLM kuwa redio ya chuki, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini ilipoanza, mwezi wa Julai 1993, watu waliipenda kwa nyimbo zake na vichekesho vyake. Watangazaji walizungumza kama watu wakaao kwenye pombe, bila kushika neno moja. Walitoka katika muziki wakaingia katika mzaha, na kutoka katika mzaha wakaingia katika majina ya watu. Watutsi waliitwa mende. Mtu aliyetajwa jina humo aliweza kujisikia akitajwa, kujibu hakuweza. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu waongozi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura tarehe 3 Desemba 2003, na rufani ya mwaka 2007 ikaondoa baadhi ya makosa na kupunguza adhabu zao. Kabla ya hapo, mwaka 2000, mtangazaji mmoja aliyetoka Ubelgiji, Georges Ruggiu, alikiri kosa akapewa kifungo cha miaka 12.

Hatusemi kwamba baraza la mparachichi ni RTLM. Itakuwa upuzi kusema hivyo. Twasema tu kwamba mzaha wa namna ile huanza mahali padogo, penye kicheko kizuri, mbele ya mtu mmoja asiyeweza kujibu.

Wala tusijivunie kanisa letu. Luther yule yule aliyechezea maneno na mkewe mezani, ambaye Katharina alijua kumjibu, aliandika kitabu juu ya Wayahudi mwaka 1543, ametaka masinagogi yao yachomwe moto. Wayahudi hawakuwa mezani pake. Karne nne baadaye Wanazi walikitumia kitabu hicho. Makanisa ya Kilutheri katika nchi mbalimbali yameyakataa maneno hayo hadharani. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa kwa tamko la tarehe 18 Aprili 1994, mwezi ule ule wa Rusumo.

Kwa hiyo twawajibu wainjilisti wetu hivi. Mtu akitoka nje ya neno, msimgongee meza. Msikilizeni hata mjue kama anapotea au anakaribia. Wengine wanapotea kweli, na habari ya mbuzi ni ya mbuzi tu. Mwenyekiti mwenye akili atampa mzee wake muda kidogo kisha atamrudisha. Mabishano nayo tusiyaogope sana, maadamu wote wawili wana sauti. Bali mnapocheka, mtazameni yule anayechekwa, mkajiulize angesema nini kama asingekuwa na hofu. Mkiona hawezi kujibu, hapo ndipo kalamu itoke mfukoni, hata kama aliyeanza ni mzee mkubwa kuliko ninyi. Hilo ni gumu kuliko kutunza saa, twajua. Kwa habari ya Mtume Paulo, sisi twaona kwamba hakukataza furaha ya ndugu, kwa maana mahali pale pale pa masihara aweka shukrani. Na mtu hawezi kumshukuru Mungu kwa ajili ya ndugu aliyemnyamazisha.

Wale wazee wawili walipatanishwa baada ya mavuno mawili, na kesi ikafutwa. Juu ya lile jina, tuliwaambia wazee barazani kwamba halitatajwa tena, tukaeleza sababu bila kumtaja aliyetuambia, ingawa wote walijua. Wengine walinung'unika kwamba siku hizi hata kucheka kumekuwa na sheria.

Jumamosi iliyopita mtu mmoja alisahau, akalisema. Hakuna aliyecheka. Kimya kilikaa muda, hata tukatamani mvua inyeshe. Ndipo mzee wetu Mhangaza akauliza, je, ng'ombe wa mzee mwenzake Msukuma, waingiao nchi za watu usiku, wao wana karatasi? Yule mtu ambaye wazazi wake walitoka Burundi akasimama, akasema kwamba yeye mwenyewe amewakagua mpakani mwa migomba, hawana hata moja, tena mwenyewe Msukuma hakumbuki tarehe waliyozaliwa. Msukuma akadai rufani. Ilikuwa saa saba na nusu tulipofika kwenye neno la madirisha.