Mgeni wa Saa Sita

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo inahesabu siku. Haikumfikiria mgeni anayehesabu saa: anashuka melini saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri awe amerudi, na chakula chake kinamngoja huko huko baharini. Huyu utampa jembe saa ngapi?

Hebu tuchukue mji wa Fishguard, magharibi mwa Wales. Meli za kitalii zikifika hutia nanga ghubani, na abiria huletwa nchi kavu kwa mashua ndogo hadi Goodwick. Kuna wanaoingia kwenye basi moja kwa moja wakaone kanisa kuu la St Davids. Kuna wanaobaki: wanapanda kilima hadi mjini, wanatazama kile kitambaa cha kutarizi chenye urefu wa mita 30, wanakunywa chai, wanapiga picha za bandari ndogo ya Mji wa Chini, basi. Usiku, mezani, mmoja anamwambia mwenzake: "Wales nimeiona." Swali langu ni hilo tu. Ana haki ya kusema hivyo?

Immanuel Kant, mtu ambaye hakuwahi kusafiri mbali na mji wake wa Königsberg, aliandika mwaka 1795 kuhusu haki za mgeni. Alitenganisha mambo mawili. Kuna haki ya kutembelea: dunia ni duara, hatuna budi kukutana, kwa hiyo anayefika kwa amani asipokewe kama adui. Halafu kuna haki ya kukaa kama mtu wa nyumbani. Hiyo haidaiwi; hupatikana kwa makubaliano. Na aliwalaumu Wazungu wenzake, kwamba kwao kutembelea nchi za watu na kuziteka kulikuwa kitu kimoja. Sisi ambao pwani yetu ilimwona Vasco da Gama mwaka 1498 hapo hatuhitaji mkalimani.

Fishguard nao unajua. Februari 1797 wanajeshi wapatao 1,400 waliotumwa na Ufaransa walishuka karibu na mji huo. Siku mbili baadaye wakasalimu amri. Wenyeji husimulia kwamba wavamizi waliwaona kwa mbali wanawake waliovaa shali nyekundu na kofia ndefu nyeusi, wakadhani ni kikosi cha askari wa Uingereza. Kisa hicho ndicho kilichotariziwa kwenye kile kitambaa, wakati wa kuadhimisha miaka 200. Kiwe kweli tupu au kimetiwa chumvi, kina funzo: anayetoka baharini huona kile alichokuja akikitarajia. Aliyetarajia askari aliona askari. Anayetarajia kijiji kizuri cha kale ataona kijiji kizuri cha kale, hata kama mbele yake amesimama kijana anayetafuta kazi.

Tena maneno ya mpita njia hayapotei hivi hivi. Kwa Kiwelisi mji huo ni Abergwaun, mdomo wa mto Gwaun. Jina Fishguard limetokana na lugha ya mabaharia wa Skandinavia, na maana yake ni uzio wa kuvulia samaki. Waliona kilichowafaa, wakakitaja, wakaenda zao. Leo ramani nyingi duniani zinatumia neno lao.

Utaniambia: kwani mkazi anajua nini? Kuna mtu ameishi mtaani miaka arobaini na hajui jina la jirani. Kweli kabisa. Muda peke yake haumpi mtu ujuzi. Lakini kuna tofauti moja ambayo haifutiki: mkazi akikosea kuhusu mji wake, ataishi na kosa hilo. Mgeni wa saa sita akikosea, meli inang'oa nanga, na gharama inabaki kwa waliobaki. Hata ile tozo ya wageni ambayo sheria ya Wales ya mwaka 2025 inaziruhusu halmashauri kuitoza ni ya kila usiku wa malazi. Mgeni wa mchana haimgusi.

Kwa hiyo simlaumu kwa kukaa kidogo. Mji unamtaka, mwenye duka anamngoja, na ile haki ya Kant anayo kamili. Ninachokataa ni kwamba haki ya kutembelea inazaa haki ya kuhukumu. Ushahidi wa mtu usiwe mrefu kuliko ukaaji wake. Aseme, "Nilipita Abergwaun, nikanywa chai, nikaelezwa kisa cha wanawake wenye shali nyekundu." Hayo ni mengi tayari, na yote ni kweli.

Na jembe lake? Nadhani ndilo hilo. Aulize mahali panaitwaje na wenye mahali, ajaribu kulitamka jina mpaka mwenyeji acheke na kumrekebisha. Kazi hiyo ya dakika tano haihitaji kungoja siku ya tatu.