Usingizi wa Jirani Yako

Masomo: Hesabu 8:1-4, Kumbukumbu la Torati 24:10-13



Leo tunataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, halistahili kuletwa kanisani. Ni juu ya taa ya inje. Mnajua namna tunavyokaa hapa Lubumbashi. Kule Kenya, kule Katuba, parseli zimekaribiana, na dirisha la huyu linatazamana na mlango wa yule. Mtu anafunga taa kubwa juu ya ukuta wake kusudi wezi waogope. Taa ile inaangaza parseli yake, kiisha inapita ukuta na kuingia katika chumba cha jirani, na jirani halali. Mwezi wa kwanza anavumilia. Mwezi wa pili ananungunika na mke wake. Mwezi wa tatu hawasalimiani tena. Na Jumapili wote wawili wanakuja kukaa kwenye benchi moja na kuomba Baba awasamehe makosa yao!

Tumeona jamaa zilizokula pamoja miaka mingi zikifikishana mbele ya mkubwa wa kartie sababu ya ampule moja. Basi si jambo dogo.

Maandiko yanatufundisha nini? Katika kitabu cha Hesabu, Mungu alipotoa agizo juu ya taa saba za hema lake, hakuagiza tu ya kwamba ziwake. Alimwagiza Musa amwambie Haruni aziweke kwa namna ya kwamba mwangaza wake uanguke mbele ya kinara. Haruni akafanya hivyo. Hata katika hema la Mungu mwenyewe, mwangaza ulionyeshwa mahali pa kuanguka. Sisi je? Tunafunga taa kama vile mwangaza hauna mpaka, na hali ukuta wa parseli tunaupima kwa kamba, na jirani akisogeza tofali moja tunapiga kelele.

Ndugu mmoja atajibu: Lakini Bwana Yesu alikataza taa kufichwa chini ya chombo! Ndiyo, ndugu, lakini usome maneno yale mpaka mwisho. Taa ile imewekwa juu kusudi iwaangazie wale walio ndani ya nyumba. Hakusema iwaangazie walio katika nyumba ya pili wakiwa wamelala. Tena mwangaza aliosema ni matendo yetu mema. Mtu asiyepata usingizi kwa ajili yako atayaona namna gani?

Wengine wanaacha taa kubwa usiku kucha kwa sababu wanaogopa giza lenyewe. Wanasema giza ni la walozi. Wapenzi, usiku si mali ya shetani. Mungu ndiye aliyetenga mwangaza na giza, akaliita giza usiku, naye akaupa usiku taa ndogo, ni mwezi. Zaburi ya 104 inafundisha kwamba Yeye ndiye anayeleta giza. Ampule haifukuzi mulozi. Na mtu anayejilinda kwa sala hana lazima ya kumnyima jirani yake usiku ambao Mungu amempa.

Sasa tuangalie Kumbukumbu la Torati. Maskini akikopa, akaweka nguo yake kama amana, Mungu anaamuru arudishiwe jua likitua kusudi apate kulala ndani yake. Mwenye kukopesha ana haki yake, deni ni la kweli, lakini usiku unapofika haki ile inasimama mbele ya usingizi wa maskini. Kama deni la kweli halina ruhusa ya kumnyima mtu usingizi, taa yetu itapata ruhusa hiyo wapi?

Waganga nao wanatufahamisha kwamba mwili una saa yake ndani. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani walipewa tuzo ya Nobel kwa kuonyesha namna saa hiyo inavyotembea. Giza likiingia, ubongo unatoa dawa ya usingizi inayoitwa melatonini. Mwangaza ukigusa macho, dawa hiyo inapungua, na kope za macho hazizuii mwangaza wote. Zile ampule nyeupe za LED, zenye weupe wa kuelekea buluu, ndizo zinazosumbua zaidi. Zile za rangi ya manjano zinasumbua kidogo. Mtu atasema, jirani afunge rido. Mwezi wa kumi, wakati joto linakamata mabati, nani analala na dirisha limefungwa?

Hatusemi mzime taa zote. Wezi wako, na hofu ya mama anayelala peke yake na watoto si ya kuchekwa. Lakini taa inayopiga usoni haimlindi vizuri. Inamfanya sentinele aone weupe mtupu, na mwizi anajificha katika kivuli kinachobaki kando. Igeuze itazame chini, kwenye mlango na kwenye njia. Juu yake uweke kipande cha bati, kiukate mwangaza mbele ya ukuta. Siku hizi kuna hata taa zinazojiwasha mtu akipita na kuzimika zenyewe. Hizo zinamshtua mwizi kuliko ile inayowaka daima. Tena, SNEL ikikata umeme jioni, msiende kulala bila kuzima ukutani. Umeme unarudi saa saba ya usiku, na avenyu nzima inaamka kama vile kumekucha.

Kwa wewe unayesumbuliwa, tuna neno pia. Usirushe jiwe. Usiende kugonga lango saa nane ya usiku ukiwa na hasira. Usianze kusema kwa majirani kwamba fulani anakumulika kwa ulozi, maana neno hilo likitoka halirudi. Bwana alifundisha, katika Matayo 18, kwamba ndugu akikukosea umwendee ninyi wawili peke yenu. Uende muchana, umsalimie, uulize habari za watoto. Kiisha umwombe aje usiku mmoja asimame katika chumba chako. Maana mwenye taa analala nyuma yake. Mara nyingi hajui hata kidogo inaanguka wapi. Naye anayeambiwa asijibu, ni parseli yangu, umeme ninalipa mimi. Kaini alijibu hivyo hivyo, kwamba yeye si mlinzi wa ndugu yake.

Lakini kabla ya kugeuza taa, uliza pande zote. Pengine upande mmoja kuna mzee anayekosa usingizi, na upande mwingine kuna watoto wasio na umeme wanaosoma masomo yao chini ya mwangaza wako mpaka saa tatu. Basi iwake mpaka saa tatu, kiisha uizime.

Na nyumba za sala zifanye vile vile. Usiku wa mkesha, taa za uwanja zitazame uwanja, na mkesha ukimalizika zizimwe zote, isipokuwa moja ya mlangoni. Jirani asiyesali nasi naye ana usingizi aliopewa na Mungu.

Wajane na wazee wasio na mtu wa kupanda ngazi wawaambie mashemasi. Vijana wetu wanaojua kazi ya umeme watapita kuwageuzia taa, bila kuomba feza. Waje muchana, wazime umeme kwanza, na wasiache nyaya wazi.