Nani Ayafute Maandishi ya Ukutani?

 

Vijana wa ushirika wetu wa Kawempe wameniletea swali, nami nimeona nisilijibu kwao peke yao. Wengi wenu mlioko kambini mna watoto au ndugu waliopanga mjini Kampala, na leo au kesho swali hili litawafikia. Ni hili: neno baya likiandikwa kwenye ukuta wa nyumba au mlango wa duka la mtu, nani mwenye wajibu wa kulifuta?

Lilitokana na jambo lililotupata. Mama mmoja wa kwetu, mshonaji, amepanga chumba kinachotazama barabara. (Waganda huita chumba cha kupanga muzigo. Sisi wa Kiswahili tukilisikia neno hilo tunacheka kidogo, na mwisho wa mwezi hatucheki.) Asubuhi moja alikuta mlango wake wa chuma umeandikwa kwa rangi nyekundu maneno ya kumwambia mgeni arudi kwao, pamoja na tusi ambalo siwezi kuliweka katika gazeti la kanisa. Mwenye nyumba akasema: yameandikwa kwa ajili yako, yafute wewe, la sivyo nitakata gharama ya rangi katika kodi uliyotanguliza. Vijana wetu wakataka kwenda usiku kuyafuta kimyakimya. Mzee mmoja akasema yaachwe, Mungu anaona. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kuchukua ndoo.

Kabla ya kusema nani afute, hebu tukubaliane kwamba si kila andiko la ukutani ni la kufutwa. Mfalme Belshaza, pamoja na upumbavu wake wote katika Danieli sura ya 5, alipoona maandishi ukutani hakuita fundi wa rangi. Aliita wasomaji. Nasi tuanzie hapo.

Ukitoka Kalerwe kwenda Mpererwe, au ukiingia vichochoro vya Bwaise na Kazo, kuta zimejaa maneno. Ziko namba za simu za waganga. Yako makatazo ya kukojoa. Yako maduka mazima yaliyopakwa rangi za kampuni za simu, manjano hili, jekundu lile. Wakati wa uchaguzi, kama ule mdogo wa Kawempe Kaskazini wa Machi 2025, hubandikwa nyuso za wagombea, na nyuso hizo huzeeka ukutani. Hayo mengi hayana uzito. Mwenye ukuta akitaka, apake rangi.

Lakini liko andiko moja ambalo nawaomba vijana wetu wanaofanya kazi ya rangi walitazame vizuri. Limeandikwa kwa Kiganda au Kiingereza, mara nyingi kwa herufi kubwa zilizopinda, kwamba nyumba hii au kiwanja hiki hakiuzwi. Sisi tuliotoka Goma na Bukavu tunalifahamu, maana kwetu huandikwa hivyo hivyo kwa Kifaransa. Anayeliandika mara nyingi si tajiri. Ni mjane, au mtoto wa marehemu, au mke aliyesikia kwamba mume amekwisha kupokea fedha za mnunuzi. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 hairuhusu ardhi ya familia iuzwe bila ridhaa ya mke au mume, lakini sheria iko kwenye karatasi na mnunuzi yuko mlangoni. Ukuta ndio wakili wa yule asiye na fedha ya wakili.

Basi kijana wangu, mtu akikuita Jumamosi jioni upake rangi haraka juu ya maneno hayo, naye anakupa zaidi ya bei ya kawaida, muulize ni nani aliyeyaandika na kama amekubali. Najua kazi ni chache na kodi haingoji. Lakini Torati imekataza kuondoa mpaka wa jirani, nami naona maneno yale ni jiwe la mpaka. Kulifunika ni kulisogeza.

Alama ya X ni jambo lingine tena. Inapakwa na serikali juu ya nyumba inayotakiwa kubomolewa. Dar es Salaam watu waliiona sana kati ya mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 katika bonde la Msimbazi, kisha mwaka 2017 huko Kimara kando ya barabara ya Morogoro. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira ya Uganda, NEMA, iliwaondoa watu katika ardhi oevu ya Lubigi, ambako maji ya Bwaise huteremkia. Kuifuta X hakufuti amri. Buldoza halisomi ukuta siku ile, linafuata orodha. Kinachofutika ni onyo tu. Na aliye katika hatari zaidi ya onyo lililofutwa ni mgeni aliyetoka kambini wiki hii, ambaye hana jirani wa kumnong'oneza, naye anaonyeshwa chumba kizuri chenye rangi mpya na kuombwa kodi ya miezi mitatu. Mpakaji wa rangi ile ameshiriki wizi, hata kama alilipwa ujira wa siku moja tu.

Sasa nirudi kwenye tusi. Tusi halimlindi mjane wala halimwonyi mgeni. Kazi yake ni moja, kumwambia mtu kila anapofungua mlango kwamba yeye si mtu kama wengine. Hilo lifutwe, na mapema. Yule mzee aliyesema liachwe nilimheshimu, lakini sikukubaliana naye. Mungu anaona, ndiyo. Watoto wa yule mama wanaona pia, nao ndio wanaojifunza kusoma.

Ila mzee ana hoja moja ambayo imenisumbua tangu chuo cha Biblia. Huko Roma, kwenye kilima cha Palatino, mwaka 1857 walichimbua ukuta wa kale wenye mchoro uliokwaruzwa kwenye plasta. Wataalamu wengi huuweka karibu na mwaka 200 baada ya Kristo. Unaonyesha mtu msalabani mwenye kichwa cha punda, na chini yake mtu mwingine ameinua mkono. Maandishi ya Kigiriki yanasema kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake. Ni dhihaka juu ya Mkristo mmoja, pengine mtumwa au kijana wa jumba la mfalme. Hakuna aliyeifuta. Leo ni moja ya michoro ya kale kabisa ya msalaba tuliyo nayo duniani, na jina la yule aliyechekwa tunalijua, bali la mchekaji limepotea. Katika chumba kingine palikutwa jina la Alexamenos tena, na neno la kusema kwamba ni mwaminifu.

Je, hiyo si sababu ya kuliacha tusi liwe ushuhuda? Nimefikiri hivi. Kama Alexamenos mwenyewe aliamua kuliacha, ana thawabu yake. Lakini sisi hatuwezi kumwamulia mwenzetu abebe dhihaka ili wajukuu zetu wapate cha kuweka katika jumba la makumbusho. Haki ya kuliacha ni ya aliyetukanwa. Wajibu wa kulifuta ni wetu.

Natia mkazo hapo kwa sababu ya Vienna. Machi 1938 Ujerumani ilipoimeza nchi ya Austria, barabara za mji ule zilikuwa na maandishi ya siasa yaliyopakwa na watu waliotaka nchi yao ibaki huru. Wayahudi wakatolewa majumbani, wazee na wanawake, wakapigishwa magoti barabarani na kupewa brashi wayasugue, huku umati umewazunguka ukicheka. Barabara ilisafishwa kweli. Lakini kila aliyekuwepo alijua kwamba kilichokusudiwa si usafi. Kumlazimisha aliyedharauliwa asugue ni kuiandika dharau mara ya pili, safari hii juu ya mwili wake. Mwenye nyumba wa Kawempe hakuwa na moyo wa namna ile, alikuwa anahesabu fedha zake tu. Hata hivyo ndoo mkononi mwa yule mama ingesema jambo lile lile kwa wapita njia: yanamhusu yeye, si sisi.

Someni Mambo ya Walawi sura ya 14, mahali tunapoparuka haraka kwa sababu panahusu ukoma wa nyumba. Ukuta umetokea madoa. Mwenye nyumba ana kazi moja, kwenda kumwambia kuhani. Kuhani anaamuru vyombo vyote vitolewe kwanza, ili mali ya mtu isihesabiwe najisi pamoja na ukuta. Anaufunga mlango siku saba, anarudi, anatazama. Doa likiwa limeenea, anaamuru mawe yaondolewe, ukuta ukwanguliwe, upakwe udongo mwingine. Sikuona mahali ambapo mwenye nyumba anaachiwa ukwanguzi peke yake na majirani wakamtazama. Doa la ukutani lilikuwa jambo la watu wote.

Kwa hiyo niliwajibu vijana namna hii. Wa kwanza kufuta ni aliyeandika, kama anajulikana na yule mama anaweza kumvumilia mlangoni pake. Zakayo hakusema ataombewa, alisema atarudisha mara nne. Asipojulikana, wafute wale ambao mwandishi amejifanya kusema kwa niaba yao, yaani wenyeji wa mtaa. Baada yao sisi kanisa. Yule mama awe wa mwisho, na kama anataka mwenyewe. Usiku msiende. Mkimbizi aliyekutwa saa sita za usiku mlangoni pa mtu na mkebe wa rangi atakuwa ndiye aliyeandika, wala hakuna atakayesikiliza maelezo.

Tena, kabla ya kufuta, pigeni picha na mwiteni mwenyekiti wa LC1 aone kwa macho yake. Ikiwa maneno ni ya vitisho, kwamba mtu atachomwa au atauawa, hayo si tusi tena. Polisi wayaone yakiwa ukutani, si kwa kusimuliwa.

Walikwenda saa nne asubuhi na mwenyekiti. Jirani mmoja, Muganda anayekaanga chapati hatua chache kutoka hapo, aliposikia shauri akaacha karai lake kwa mdogo wake akaja na kitambaa. Hakuhubiri. Alisema tu kwamba wateja wake wanajua kusoma, naye hataki wadhani yeye ndiye aliyeandika. Mimi sikuona ubaya katika sababu hiyo. Mwenye nyumba alipoona mwenyekiti na jirani wako pale, habari ya kukata kodi ikaisha.

Kuhusu kazi yenyewe, nieleze kidogo, maana wema usio na ufundi huharibu kuta. Rangi ya mafuta juu ya chuma, ikiwa bado mbichi, hutoka kwa kitambaa chenye thina au petroli, mbali kabisa na sigiri ya makaa. Ikishakauka hutaka msasa, kisha mlango wote upakwe upya. Mkaa juu ya plasta usiumwagie maji kwanza, utapata uji mweusi unaoingia ukutani. Upanguse kwa brashi kavu, ndipo sabuni. Chokaa juu ya rangi ya mafuta haishiki. Mvua mbili tatu inabanduka, na tusi linarudi kama lilivyokuwa. Na kosa ninaloliona mara nyingi ni kusugua herufi tu. Ukuta mchafu ukisuguliwa mahali pa herufi peke yake, maneno yanabaki yale yale, sasa yakiwa meupe. Oga ukuta mzima.

Nimekwisha kusema ya Kawempe. Lakini wapendwa, tusingoje Waganda watuandikie. Ninapokuja kambini naingia vyooni kama watu wengine, nami nasoma. Zile kuta zina matusi ya kabila kwa kabila, yameandikwa kwa mkaa wa majiko yetu, kwa Kiswahili chetu na kwa lugha za vijijini kwetu ambazo hakuna Muganda azijuaye. Maneno mengine ni yale yale tuliyoyasikia kabla ya nyumba zetu kuchomwa. Hatukuyaacha mpakani pamoja na magodoro.

Mwaka 2008, Kenya ilipokuwa inawaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kijana mmoja msanii wa Kibera, Solomon Muyundo aitwaye Solo 7, alizunguka akipaka maneno ya kudai amani juu ya kuta na mabati ya mtaa ule. Hakungoja ukuta wa kwao uchafuliwe kwanza.

Choo kilicho nyuma ya jengo letu la ibada kina ukuta mmoja ambao nyote mnaujua. Nimezungumza na wazee, na tumekubaliana kwamba Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao watakaoleta ndoo na brashi si wazee wa kabila lililotukanwa pale. Ni wazee wa kabila linalosifiwa. Waliotukanwa wamealikwa kuja kunywa chai, wakipenda.