Ramadhani, Siku ya 12: Unakwenda Kumjulia Hali au Kumpeleleza?



Mwezi huu wako wazazi kati yetu wanaofunga safari kwenda kuwaona watoto walioko vyuoni bara. Mombasa hadi Eldoret peke yake ni karibu kilomita 800: Voi, Mtito Andei, Nairobi, Nakuru, kisha unapanda mpaka baridi ya Timboroa. Kwenye kikapu mna tende, mahamri na achari. Yote hayo ni kheri. Lakini hebu jiulize: mtoto umemwambia kuwa unakuja?

Wapo wasemao, "Simwambii. Nataka nimkute vile alivyo, nijue anafunga au hafungi." Tusiwacheke. Huo ni uchungu wa mzazi, na wana hoja. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kwa anachokichunga. Sura At-Tahrim, aya ya 6, inatuamrisha kujilinda sisi na watu wetu na moto. Basi swali la leo ni hili: uchunga unaishia wapi, na upelelezi unaanzia wapi?

Kwanza, Sura Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana, na haikusema kwamba mzazi yeye ameruhusiwa. Pili, amepokea Jabir (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume alimkataza aliyekuwa safarini muda mrefu asiwaingilie watu wake usiku kwa ghafla. Katika mapokezi ya Muslim sababu imetajwa: asiende kwa kuwashuku na kuwatafutia makosa. Hapo anayezungumziwa ni mwenye nyumba anayerudi kwake mwenyewe! Itakuwaje wewe unayebisha hodi kwenye chumba cha bweni, tena wanamolala na watoto wa wenzako?

Tatu, hiyo saumu utaikaguaje? Swala unaweza kumwona mtu akiswali. Saumu ni siri ya mja na Mola wake. Anaweza kunywa maji ya bomba chooni akatoka na midomo mikavu, nawe usijue. Na ukimkuta binti yako anakula saa nane mchana, je, kama yumo kwenye siku zake? Au ni mgonjwa? Unataka akujieleze mlangoni, wenzake wakisikia? Umemwaibisha asiye na kosa, na ulichokifuata hujakijua bado.

Sisemi tuwaachilie tu. Ukisikia jambo la kweli, kwamba haingii darasani, au ameingia kwenye dawa za kulevya, panda basi usiku huo huo. Lakini mkalishe, umuulize uso kwa uso: "Mwanangu, nimesikia hivi. Niambie." Huo ndio uchunga. Mchunga humfuata kondoo ili amrudishe. Mpelelezi humfuata mtu ili amkamate.

Liko jambo dogo la safari lenye mafunzo. Kutoka Mombasa kwenda Eldoret unafuata jua linakotua, na Maghribi ya kule huchelewa kama robo saa. Ukiwa umefunga, huwezi kufungua kwa adhana ya Mombasa eti kwa sababu ndiko ulikotoka. Unafungua kwa jua la ulipo. Mwanao naye ndivyo alivyo sasa. Daku anaamka mwenyewe, hakuna mama wa kumgongea mlango. Akifunga huko, saumu hiyo ni yake kweli, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Na wewe mzazi una silaha kubwa kuliko kumvizia. Amepokea Abu Huraira (R.A.), katika Tirmidhi na Ibn Majah, kuwa dua tatu hazina shaka kukubaliwa: ya aliyedhulumiwa, ya msafiri, na ya mzazi kwa mwanawe. Ukiwa ndani ya lile basi, mbili kati ya hizo unazo wewe. Usizimalize kwa kunung'unika, "Huyu mtoto nikimkuta hivi, atanitambua!" Tena chunga ulimi, maana dua ya mzazi dhidi ya mwanawe nayo ni nzito.

Amali ya leo: mpigie mwanao aliye mbali. Usimuulize kama amefunga. Muulize daku amekula nini. Kama unakwenda kumwona, mtajie siku na saa, mwambie mtafuturu pamoja, na alike wenzake wawili watatu. Huenda akasafisha chumba na kujitengeneza kwa ajili yako. Muache ajitengeneze. Mtu akipewa nafasi ya kuwa mwema mbele ya anayempenda, mara nyingine wema huo hubaki hata mgeni akishaondoka.

Ewe Mola, wahifadhi watoto wetu pale macho yetu yasipofika, na utuhifadhi sisi na dhana mbaya. Aamin.

Ramadhan Karim.