Nia na Mche

Miembe ya Tabora yaashiria njia ya kale ya misafara ya pembe na watumwa, toka Bagamoyo hadi Ujiji. Biashara ile ilikuwa dhuluma. Kivuli cha miembe hata leo ni sadaka. Gugumaji lilitolewa Amerika ya Kusini kwa kupendewa ua lake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, likaziba njia za mitumbwi. Basi nia pekee haimkingi mpandaji. Hata apambaye tangi la samaki sebuleni mwake Tabora, achague mmea kwa uzuri, lakini masalio asiyatupe mtoni: Igombe huingia Malagarasi, na Malagarasi humwagika Tanganyika. Kupenda ni hiari. Kuangalia kipendwacho kifikapo ni wajibu.